Malalamiko Dhidi ya Kiini Kilichonifanya Mkuu wa Chumba Kimoja

Ndugu Watunzaji wa Kiini cha Mfumo wa Kompyuta,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima, mmeshakula, na hamna haraka, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na mimi sipendi kuruka hatua.

Mimi ni mchonga mihuri. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Kulia kwangu yupo kinyozi, kushoto wanauza magodoro. Ukutani nimebandika alama za mihuri niliyowahi kutengeneza: IMEPITISHWA, IMEKATALIWA, NAKALA HALISI, SIRI, SIRI SANA. Mtu yeyote wa mtaa huu aliyewahi kukubaliwa au kukataliwa, basi alikubaliwa au kukataliwa kwa kazi ya mkono wangu. Watu wananiita Bwana Muhuri na sijawahi kuwakataza. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu mjue aliyekosewa heshima ni mtu wa namna gani.

Zamani nilichonga kwa kisu. Siku hizi ipo mashine inayochonga mpira kwa mwanga mkali, na mashine hiyo haimsikilizi mtu mpaka iambiwe na kompyuta. Kompyuta aliileta shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni fundi wa vitu hivyo. Ndiye aliyenieleza kwamba ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini, na kwamba mtu akitaka kufungua faili, kiini huangalia kwanza huyu ni nani, faili ni la nani, na ameruhusiwa kufanya nini. Nikamuuliza kiini chenyewe kinaamriwa na nani. Akasema kuna watu duniani wanaokitunza, wanapokea barua kutoka kila pembe, na baadhi yao hujibu kwa ukali. Nikasema hao nitaelewana nao. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

LA KWANZA. Kiini chenu kilinizuia kufungua faili langu mwenyewe, huku kikiwaruhusu watu wengine wote.

Nilikuwa nimechora nembo mpya ya karakana, simba wawili wameshika muhuri. Sikutaka mtu aione kabla ya wakati wake. Shemeji alikwisha nionyesha kwamba kila faili lina safu tatu za ruhusa: ya kwanza ya mwenyewe, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wengine. Mimi nilidhani ni orodha ya watuhumiwa, na kwa kawaida mtuhumiwa wa hatari huandikwa juu. Nikaifunga safu ya kwanza kabisa, nikaenda kunywa chai nikiwa na amani.

Niliporudi nilimkuta kinyozi amekaa kwenye kompyuta. Huwa anaingia kwa jina la mgeni kuandika bei zake za kunyoa. Akaniita bila hata kugeuza shingo: "Bwana Muhuri, hawa kwenye nembo ni simba au ni paka?"

Nikamsogeza, nikaingia kwa jina langu, nikabonyeza. Kompyuta ikaandika: Ruhusa imekataliwa. Ndugu Watunzaji, neno hilo mimi ndiye ninayewachongea watu! Kuambiwa na kompyuta iliyo juu ya meza yangu ni sawa na fundi viatu kupigwa teke na kiatu alichokishona.

Nilimpigia simu shemeji. Akaniambia kiini kinaangalia safu kwa zamu: kikiona wewe ndiwe mwenyewe, kinaishia hapo hapo kwenye safu yako, hakiangalii ya wengine. "Umejifungia mwenyewe, shemeji. Na kwa kuwa ni mali yako, unaweza kujifungulia."

"Nijiombe ruhusa mimi?"

"Ndiyo."

"Na nikijikatalia?"

Akakata simu. Ninachouliza ni kimoja. Ni utaratibu gani huo ambao mtu asiyenihusu anakagua simba wangu, na mimi niliyewachora nabaki mlangoni kwa sababu tu nimetambulika?

LA PILI. Kiini kilishirikiana na jamaa zangu kuninyang'anya mafaili ya wateja.

Matroni wa hospitali aliagiza muhuri wa IMEPOKELEWA. Nikakaa nikalitafakari neno hilo. Mtu akipokea kitu, kitu kimepokewa. Kupokelewa ni kupokewa kwa niaba ya mwingine. Hospitali inapokea kwa niaba ya nani? Kwa moyo mweupe nikafungua faili la Matroni nikasahihisha, mashine ikachonga IMEPOKEWA, safi kabisa.

Matroni ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Aliurudisha muhuri siku ile ile akauweka mezani. "Mimi nimeagiza ule wa siku zote."

"Lakini kisarufi, Matroni..."

"Bwana Muhuri, mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu anasubiri fomu yake igongwe. Nimwambie asubiri sarufi?"

Mke wangu, ambaye ndiye anayepokea wateja, aliyasikia yote. Jioni hiyo alizungumza na mdogo wake jikoni kwa sauti ya chini. Kesho yake mafaili yote ya wateja yalikuwa mali ya shemeji, na kila nilipogusa, kiini kilinijibu neno lile lile lililo ukutani kwangu. Nilimwambia mke wangu kwamba huo ni uasi. Akanijibu ni usalama. Nikamwambia waasi wote husema hivyo. Akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye.

LA TATU. Nilipodai haki yangu nilipewa cheo, na cheo hicho hakina nchi.

Nilikuwa nimesikia kwamba katika kila kompyuta yupo mkubwa mmoja, mtumiaji namba sifuri, wenyewe wanamwita ruti, ambaye kiini hakimzuii. Nikamwita shemeji, nikamkalisha, nikamwambia kwa utulivu: mimi ndiye mwenye karakana, mimi ndiye mume wa dada yako, nifanye ruti. Alimtazama dada yake. Dada yake akatazama dari. Shemeji akasema, "Sawa, shemeji. Nipe mpaka mchana."

Mchana nikawa ruti. Niliiuliza kompyuta mimi ni nani, nayo ikajibu bila kusitasita: ruti. Nikaiuliza tena, ikajibu vile vile. Nilimwita kinyozi aje ashuhudie, nikaiuliza mbele yake, na mbele ya wateja wake wawili, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Nikachapa jibu lile kwenye karatasi ngumu nikalitundika juu ya sampuli zote. Nikaipa kompyuta jina la Makao Makuu, ikakubali. Nilimteua kinyozi kuwa mtumiaji wa daraja la pili, ikakubali. Nikamvua cheo aliposema simba bado wanafanana na paka, ikakubali pia. Kwa kweli niseme, kwa siku tatu nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata tangu nioe.

Baadaye ndipo nilipogundua shemeji alifanya nini. Alinijengea ndani ya kompyuta kitu kinachoitwa uwanja wa majina ya watumiaji. Ni sawa na chumba, na ndani ya chumba hicho mimi ni namba sifuri, naamuru vyote vilivyomo humo. Vilivyomo humo ni vyangu mwenyewe. Nje ya chumba sina mamlaka yoyote. Kwa maneno mengine, nilipewa ufalme wa kuitawala nafsi yangu, na kiini chenu kiliukubali mpango huo na kuusimamia bila hata kucheka.

LA NNE. Katika karakana yangu yupo mtu asiyejulikana, na kiini kinamkingia kifua.

Nikiwa katika enzi yangu, niliamua kukagua mafaili ya wateja ili kuona kama yapo salama. Nilitaka kompyuta inionyeshe kila faili ni la nani. Ikaonyesha. La Matroni, la wakili, la chuo cha ufundi, yote yaliandikwa jina moja la kigeni. Nikamwomba muuza magodoro, aliyesoma lugha hizo, anitafsirie. Akavaa miwani. "Hapa wameandika Si Mtu Yeyote."

Nikamuuliza ni jina la ukoo au la kwanza. Akasema hajui, lakini anaona ana mali nyingi.

Ndugu Watunzaji, hebu fikirieni. Mimi ni ruti, nimetundikwa ukutani, na karakana nzima imeandikishwa kwa bwana mmoja ambaye sijawahi hata kumpa mkono. Nilimuuliza mke wangu kama anamfahamu Si Mtu. Akasema, "Simjui mtu huyo." Kwa jinsi alivyojibu haraka, wasiwasi wangu ukazidi. Nikavaa koti nikaenda ofisi ya mtaa kushtaki.

Karani wa pale ni kijana mpole. Alichukua kalamu. "Mzee, unamlalamikia nani?"

"Si Mtu Yeyote."

"Basi, mzee, kama humlalamikii mtu yeyote, nikusaidie nini?"

"Namlalamikia! Si Mtu Yeyote amechukua mafaili yangu."

"Kwa hiyo hakuna aliyeyachukua."

"Yupo! Ana faili la Matroni!"

Aliweka kalamu chini, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza kama nimekuja peke yangu. Nikayanywa.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini aliposikia. Akanieleza kwamba mafaili bado ni yake, ila mtu aliye nje ya chumba changu hana namba ndani ya chumba hicho, kwa hiyo kiini kikishindwa kumtafsiri huandika kwamba si mtu yeyote. Nimeyaelewa maelezo hayo na siyakubali. Mimi nisipomfahamu mgeni huwa namuuliza jina. Sikatai kwamba yeye ni mtu.

LA TANO. Hili ni fupi kwa sababu linaniuma. Nilimuuliza shemeji, kama nje ya chumba mimi si sifuri, mimi ni namba ngapi? Akasema, "Laki moja." Nilifurahi sana. Nilimnunulia soda. Nikawatangazia kinyozi na muuza magodoro kwamba kumbe nje ndiko nilikokuwa mkubwa zaidi. Soda ilikuwa imekwisha shemeji aliponiambia kwamba namba ikiwa kubwa haimaanishi cheo kikubwa, na kwamba laki moja huko nje ni mtu wa kawaida asiye na ruhusa ya chochote. Angeweza kuniambia kabla ya soda.

LA SITA. Kutokana na kiini chenu, hospitali moja imeharibika lugha.

Matroni alirudi kuchukua muhuri wake, ule wa siku zote. Shemeji alikuwa amesafiri kwenda kumhudumia mteja wa mbali na simu yake haikupatikana. Mke wangu alikwenda msibani na watu wa mtaa. Nilikuwa peke yangu na cheo changu. Matroni akakaa kwenye benchi, akaweka mkoba mapajani, akasema wodi mpya inafunguliwa mchana ule na bila muhuri hakuna fomu itakayopita dirishani.

"Usiwe na shaka," nikamwambia. "Unaongea na ruti."

Nilifungua faili lake. Ruhusa imekataliwa. Nikajaribu kuandika faili jipya na kulituma kwenye mashine ya kuchonga. Ikasema hairuhusiwi. Nikaiuliza mimi ni nani. Ruti. Nikaiamuru tena. Hairuhusiwi. Nikaiuliza tena kwa sauti ili Matroni asikie. Matroni akasema, "Nimesikia. Sasa muhuri uko wapi?"

Nawaambia kweli. Mama yule hakuwa amekuja kunichezea. Kulikuwa na wagonjwa kwenye korido, na mimi nilikuwa namwonyesha karatasi ya ukutani. Nikazima kompyuta. Nikatoa kipande cha mpira, nikatafuta kisu changu cha zamani nyuma ya makopo ya wino, nikakaa karibu na dirisha nikaanza kuchonga. Matroni akasogeza benchi, akawa ananishikia mpira usiteleze. Herufi moja baada ya nyingine nikachonga IMEPOKELEWA, yote, pamoja na ile LE nisiyoiafiki, maana alikuwa ananitazama. Akaushika, akashukuru, akaondoka mbio kabla sijaujaribu.

Mtu aliyezoea mashine husahau. Mashine huzigeuza herufi yenyewe. Kwa kisu unapaswa kuzigeuza wewe. Mimi nilichonga kama ninavyosoma, na muhuri ukigongwa hutokea kinyume. Fomu zote za wodi mpya siku ile ziliandikwa AWELEKOPEMI.

Nilikwenda hospitali kesho yake kuomba radhi, kofia mkononi. Dirishani nikamsikia muuguzi akimuuliza mwenzake, "Yule wa kitanda cha nne ameshaawelekopemiwa?" Mwenzake akajibu, "Tangu asubuhi." Hawakuwa wanatania. Nilimkuta Matroni, akaniambia nisiuguse muhuri wake. Zile fomu za kughushi zilizokuwa zikipenyezwa pale dirishani zimekoma, kwa sababu hakuna mghushi aliyeweza kuamini kwamba hospitali imeandika vile kwa makusudi. Ameagiza mingine miwili, kwa kisu, kwa mkono wangu.

Msije mkadhani hilo linawasafisha. Kama kiini kingeniruhusu, nisingepatia kwa namna ile.

LA SABA. Kiini kimeniharibia nyumba. Baada ya kuelewa habari ya chumba chenye mfalme asiye na nchi, nilianza kuwatazama watu wa kwangu kwa jicho jingine. Niliagiza kochi lihamishiwe dirishani. Watoto wakasema, "Ndiyo, baba." Mke wangu akasema, "Wazo zuri." Wiki ikapita, kochi liko pale pale. Nikaagiza tuanze kula mapema. Wote walikubali, na chakula kikaja saa ile ile. Nilimfuata mke wangu alipokuwa anapiga pasi.

"Niambie ukweli. Hapa nyumbani mimi ni mkuu wa nyumba nzima, au mmenitengenezea chumba?"

Akageuza shati upande wa pili. "Kwani ulikuwa na shida gani humo?"

"Tangu lini?"

"Baba, umeishi vizuri miaka yote hii. Shika huu mkono wa shati nimalizie."

Nikaushika. Tangu siku hiyo sina raha, ingawa lazima niseme kwamba shati lilinyooka.

Kwa sababu zote hizo naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima. Kiini kiache kabisa kuangalia ruhusa. Mwenye kitu atambulike kwa uso wake na kwa muda aliokaa mtaani. Viwanja vyote vya majina vibomolewe, na kila ruti wa chumbani aliyedanganywa duniani kote atolewe nje apewe nchi halisi, na mimi nitawachongea wote mihuri. Si Mtu Yeyote aitwe ajieleze. Asipotokea, mali zake zirudishwe. Na kama kukagua ni lazima, basi kiini kiseme "subiri kidogo, mzee," badala ya kumkatalia mtu kavu kavu mbele ya wateja. Mwisho kabisa, mtu akishaambiwa ni mkuu, awe mkuu kila mahali, bila kuta. Haiwezekani kumpa mtu ukubwa kwa kumridhisha tu, kama mtoto aliyepewa usukani wa gari lililozimwa. Huko ni kumdharau, na anayefanya hivyo hana utu. Katika hili sitalegeza hata kidogo.

Nawasalimu nyote mliokizunguka kiini hicho, wake zenu na waume zenu, watoto, na wazee mnaowalea. Wanaojibu kwa ukali wapeni salamu za pekee. Mke wangu anawasalimu na kusema msijisumbue sana. Shemeji naye anawasalimu. Ameisoma barua hii akasema ameipenda, jambo ambalo sikulitegemea. Kinyozi anauliza kama mna picha ya simba.

Ni mimi niliyekataliwa kwangu,
Bwana Muhuri,
Mchonga Mihuri (Laki Moja)

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha asubuhi hii alipoingia kaka yangu mkubwa na sanduku la nguo. Amestaafu usimamizi wa bohari, amechoka kukaa bure, na amekuja kunisaidia kuendesha karakana kwa muda wote uliobaki wa maisha yake. Kabla hajakaa alikwisha ondoa vitu vyangu vyote ukutani na kuvipanga upya kwa ukubwa. Kisha akauliza, "Mkubwa hapa ni nani?" Ni kaka yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Ningemjibu nini? Nimemwambia, "Ni wewe, kaka." Kiini kinaweza kusema hapana bila kuona haya, mimi sijajaliwa.

Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia la kwanza mpaka la saba, pamoja na maombi, myachukue kama hayajaandikwa. Msibomoe kitu. Shemeji amesafiri tena na jambo ni la haraka, hivyo naomba mnieleze kwa njia ya mkato jinsi ya kumjengea mtu chumba: kiwe kikubwa, kizuri, chenye heshima zote, na kuta zake ziwe nene sana. Hivi ninavyoandika amesimama nyuma ya bega langu, anataka kujua kompyuta huwashwa kwa kitufe kipi. Nimemwonyesha cha feni, na anakifanyia kazi kwa bidii kubwa.